Simu ya Jumapili: Kumsindikiza Aliyepatwa na Kiharusi

Mama yetu wa Nyamira, mzazi kwa mmoja wetu na mavyaa kwa mwingine, anaishi juu ya kilima kilichofunikwa na majani chai, nasi tunaishi Mombasa. Baina yetu na yeye kuna safari ya usiku kucha na sehemu kubwa ya mchana: basi hadi Nairobi, jingine kupitia Narok hadi mji wa Kisii, kisha matatu ya kupanda vilima. Nauli ya watu wanne kwenda na kurudi si jambo la kila mwezi. Kwa hiyo, kama zilivyo nyumba nyingi za wasomaji wetu zilizooana na watu wa bara, udugu wetu umo ndani ya simu.

Alipopatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ulilegea, na maneno yakawa yanamtoka kama mtu anayesema huku ana chakula kinywani. Tulifunga safari, tukakaa naye siku zote za hospitali, tukamrudisha nyumbani, tukarejea Pwani. Tangu hapo tulimpigia simu kila baada ya siku mbili. Mazungumzo yalikuwa haya:

"Mama, hujambo?"

"Mbuya mono," akajibu kwa Kigusii chake, maana yake ni mzima kabisa.

"Dawa unameza?"

"Nameza, wanangu."

"Mungu akuzidishie siha."

Simu ikakatwa, nasi tukalala tukiamini kuwa haki ya mzazi tumeitimiza.

Mwezi wa nne, jioni moja, akiwa anachambua maharage, mdomo wake ulikwenda upande na mkono ukamwangusha tena. Jua halijazama hali ikawa imekwisha, akataka kuendelea na kazi yake. Ni mjukuu wake, mtoto wa darasa la sita, aliyepiga kelele na kutupigia. Kule hospitali ndipo ilipojulikana kuwa Mama hajaonja dawa ya presha kwa wiki tano. Vidonge vya mwezi vilipomalizika alijiona hana maumivu, na pesa tulizotuma alizilipia karo ya mjukuu huyo huyo. Wala hakutudanganya kwa ubaya. Sisi ndio tuliomuuliza swali lenye jibu moja tu la heshima, naye akatupa jibu hilo la heshima.

Tunalieleza hili kwanza kwa sababu tunajua simu za namna hiyo ndizo zinazopigwa kila jioni kutoka Mombasa, Malindi na Lamu kwenda kwa wazee wetu popote walipo. Simu ya salamu ni ibada njema ya kuunga udugu. Ila kumsindikiza mgonjwa ni kazi nyingine.

Kiharusi hutokea damu isipofika katika sehemu ya ubongo, ama kwa mshipa kuziba, ama kwa mshipa kupasuka. Dalili zake ni mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea ghafla, na ulimi kuwa mzito. Hata dalili hizo zikipita baada ya nusu saa, kama zilivyompita Mama, mgonjwa ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, kwani hilo ni onyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, katika hospitali zilizo nayo, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na hutolewa tu baada ya picha ya kichwa kuonyesha kuwa hakuna mshipa uliopasuka. Ndiyo maana si vyema kumpa mgonjwa aspirini nyumbani kabla ya picha hiyo, japokuwa jirani ataapa kuwa ndiyo iliyomponya babake.

Hapa kwetu Pwani kuna kikwazo kingine, nacho ni jina. Wazee wetu wengi huita hali hii upepo, na upepo hutafutiwa mganga. Watafiti waliowahoji watu Dar es Salaam na wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, walikuta kuwa watu wa mjini Dar es Salaam ndio waliotaja zaidi mashetani na uchawi, ilhali wale wa Hai walitaja zaidi presha. Na utafiti uliohesabu wagonjwa wapya katika maeneo hayo mawili, kati ya mwaka 2003 na 2006, ulikuta kuwa kiwango cha kiharusi Dar es Salaam kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha Hai. Hatusemi kuwa jina ndilo lililozidisha ugonjwa. Dua na kisomo havimzuii mtu kupanda gari la hospitali. Kinachoua ni saa zinazopotea kabla ya gari kuitwa.

Aliyenusurika mara moja bado hajatoka hatarini. Nchini Marekani, ambako hesabu hizi huwekwa vizuri, karibu mtu mmoja katika kila wanne wanaopatwa na kiharusi huwa alikwisha kupatwa nacho kabla. Na katika yote yanayoleta kiharusi, shinikizo la damu ndilo kubwa kuliko mengine, nalo haliumi. Mtu anaweza kuwa na presha ya kutisha huku anaimba jikoni. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta kuwa karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Ugonjwa usioumiza humfanya mtu aone dawa kama gharama isiyo na sababu. Mama yetu hakuwa mjinga. Alipima karo ya mtoto iliyo mbele ya macho yake dhidi ya hatari asiyoiona.

Muuguzi wa kliniki aliyemhudumia mara ya pili alituweka benchini na kutufunza jambo ambalo hatukulijua jina lake. Wataalamu huliita ukufunzi wa siha kwa simu. Mkufunzi hapa ni kama yule wa kandanda: haingii uwanjani kucheza badala ya mchezaji, bali humtazama, humuuliza, humkumbusha, na hurudi tena wiki ijayo kuuliza lile lile. Kule Melbourne, Australia, wauguzi na wataalamu wa lishe walianza zamani kuwapigia wagonjwa wa moyo na kufuatana nao, simu baada ya simu, hadi lehemu katika damu yao ikashuka.

Lakini mfano tulioupenda zaidi ni wa nyumbani, ingawa ulihusu maradhi mengine. Katika kliniki za Nairobi na Kajiado, wagonjwa 538 walioanza dawa za virusi vya Ukimwi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa ujumbe mfupi kila wiki wenye neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya siku mbili, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walimeza dawa zao ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wale wengine. Tazameni hekima ya neno shida. Mgonjwa alipewa jibu la pili lenye heshima sawa na la kwanza, na mlango wa kusema mambo si mazuri ukawa wazi.

Kwa kiharusi chenyewe, ndugu zetu wa Ghana walijaribu mjini Kumasi. Wagonjwa 60 walionusurika waligawanywa nusu kwa nusu. Nusu moja ikapewa simu na kipimo cha presha, ikafuatiliwa na muuguzi kwa miezi 3. Baada ya miezi 9, waliofuatiliwa walikuwa na dawa zao mkononi kwa siku nyingi zaidi kuliko wenzao. Tofauti ya presha yenyewe, tuseme kweli, ilikuwa ndogo kufikia wakati huo. Sisi twasoma humo kuwa simu ikikoma mapema, faida nayo hupungua.

Basi tukaanza upya. Tulichagua Jumapili baada ya Isha. Jumamosi haikufaa kwani Mama ni Msabato, na siku hiyo yuko kanisani tangu asubuhi. Siku za kazi naye wifi yetu anayeishi naye huwa amechoka kwa kuchuma chai. Siku moja, saa moja, isiyobadilika. Tukafungua daftari la shilingi chache, ukurasa mmoja kwa kila Jumapili.

Jambo la kwanza lilikuwa kuacha kumhubiria. Wiki ya mwanzo tulimsomea orodha: usile chumvi, usinywe chai ya sukari, tembea nusu saa, usiwe na mawazo. Alisikiliza kwa adabu, halafu akatuuliza kama watoto hawajambo. Wiki ya pili tulimuuliza: katika haya yote, Mama, ungependa tuanze na lipi? Akanyamaza hata tukadhani simu imekatika. Akasema anataka kwenda mwenyewe hadi kituo cha kununulia majani chai, kwa kuwa tangu augue hajaonana na wanawake wenzake wa pale. Hatungelitaja hilo hata tungepewa mwaka mzima wa kufikiri.

Muuguzi alikuwa ametufunza kuuliza hivi: kutoka sifuri hadi kumi, una uhakika gani kuwa utaweza wiki hii? Jibu likiwa chini ya saba, lengo ni kubwa mno, lipunguzwe. Mama alisema nne. Kituo kiko juu ya mteremko, na wanaoijua nchi ya Gusii, toka vilima vya Manga hadi Kiabonyoru, wanajua kuwa huko hakuna njia tambarare. Tukauliza, na hadi mparachichi ulio karibu na lango? Akasema tisa. Basi wiki ile ikawa ya mparachichi, mara mbili kwa siku, mjukuu akimshika upande dhaifu. Jumapili iliyofuata hatukuuliza "unafanya mazoezi?" Tuliuliza: siku ngapi ulifika mparachichini? Akasema nne. Na zile tatu? Mvua, utelezi. Tukakubaliana kuwa siku ya mvua atazunguka ndani ya nyumba. Kituo cha chai alikifikia wiki ya kumi na moja, akabaki huko mpaka wifi akaingiwa na hofu.

Namna ya kuuliza ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Badala ya "dawa unameza?" tulisema: Mama, ilete pakiti, hesabu vidonge vilivyobaki. Kama leo ni tarehe 12 na vimebaki 25, kuna jambo la kuzungumza bila kugombana. Vilipokaribia saba, tuliilipia dawa yenyewe moja kwa moja dukani kwa simu, na karo tukaitafutia fungu lake. Wakati wa kumeza tuliufunga na chai ya asubuhi, kwa sababu chai Nyamira haisahauliki. Wagonjwa wetu huku wana kigingi bora zaidi cha kufungia, ambacho ni swala. Kidonge cha asubuhi kikiwekwa kando ya msala wa alfajiri, hakisahauliki.

Kuhusu chakula tulijifunza kutofanya haraka ya kulaumu. Lishe ya Wagusii ina mengi ya kusifiwa: ugali wa wimbi, chinsaga ambayo huku twaiita mgagani, rinagu ambao ni mnavu, ndizi, maparachichi yanayooza chini ya mti. Chumvi ndiyo iliyojificha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa chumvi yote, hata ile ya mkate na ya viungo vya pakiti. Mama aliapa kuwa amepunguza, tena kwa kweli. Ni wifi aliyetaja, kwa kupita tu, kuwa mboga na maharage hulainishwa kwa magadi. Magadi nayo ina madini yale yale ya sodiamu yanayopandisha presha. Hakuna aliyewahi kuihesabu kama chumvi, sisi tukiwa wa kwanza. Tulikubaliana maharage yalowekwe usiku, na mboga ipikwe kwa maziwa kidogo kama walivyozoea, magadi ikae kabatini. Na kabla msomaji wa Pwani hajatabasamu, na atazame kwake achari, papa mkavu na viazi karai vya jioni.

Tarakimu za presha zilikuwa kiungo cha simu. Tangu Septemba 2023, serikali ilipowapa vifaa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, wengi wao hutembea na kipimo cha presha mkobani. Anayehudumu kijiji cha Mama hupita mara mbili kwa mwezi, na mjukuu huandika tarakimu nyuma ya daftari la hesabu. Kuna adabu ya kupima ambayo tuliirudia mara nyingi simuni: akae kitako dakika 5 bila kuzungumza, mgongo uegemee, nyayo ziguse sakafu, mkono uwe usawa wa moyo, tena mkono ule mzima, na asiwe ametoka kunywa chai. Tarakimu ya kwanza tuliyoandika ilikuwa 172 juu ya 104. Miezi sita baadaye ilikuwa 144 juu ya 88. Daktari anaitaka chini zaidi. Kipimo cha dawa hatukukigusa hata siku moja. Tarakimu zikipanda Jumapili mbili mfululizo, kazi yetu ilikuwa kuhakikisha Mama anakwenda kliniki, si kumwambia ameze viwili badala ya kimoja. Na dalili za kiharusi zikirudi, simu ya kwanza ni ya gari.

Kuna Jumapili moja hatukuuliza hata swali moja la daftari. Mama alishika simu akalia. Alisema mkono wake ni kama wa mtu mwingine, na kwamba amechoka kuvishwa nguo na mjukuu. Karibu mtu mmoja katika watatu walionusurika kiharusi huingiwa na huzuni nzito ambayo nayo ni maradhi yenye tiba. Tulifunga daftari tukakaa naye tu, na wiki hiyo wifi akalitaja jambo hilo kliniki. Mgonjwa akiulizwa chumvi siku anayolia, hatapokea simu ya wiki ijayo.

Na wifi mwenyewe? Tulichelewa kumwona. Yeye ndiye apikaye, aogeshaye, abebaye gunia la chai, kisha tukampigia kumuuliza kama amempa Mama dawa, kama vile tunamsimamia. Siku hizi dakika kumi za mwisho ni zake, na hatumuulizi lolote la Mama mpaka tumuulize amelalaje. Gharama ya simu ni yetu. Yeye hubipu tu.

Kwa nyumba za Kiislamu tuongeze moja. Mgonjwa wa kiharusi na Ramadhani ni jambo la kuanzwa Shaabani, si usiku wa mwandamo. Dawa zinazomezwa mara moja kwa siku daktari huweza kuzihamishia futari au daku. Zile za mara mbili na tatu, na zile zinazopunguza maji mwilini, zinahitaji mazungumzo marefu zaidi, na huenda jibu likawa asifunge. Ruhusa ya mgonjwa inajulikana. Tumewaona akina mama wanaofunga kwa siri ili wana wao wasiwakataze, nao huacha vidonge kimya kimya. Swali la simu hapo lisiwe "unafunga?" bali "kidonge cha leo umekimeza saa ngapi?"

Mwezi uliopita, baada ya kusoma tarakimu zake, Mama alituuliza: na zenu je? Tulicheka, tukajibu kuwa sisi tu wazima. Akarudia swali kwa sauti ile ile tuliyokuwa tukimuulizia idadi ya vidonge. Katika nyumba yetu mmoja alikuwa hajapimwa tangu alipojifungua mwana wa mwisho, na mwingine hajawahi kupimwa kamwe, naye ana miaka 46 na ni mtoto wa mama huyo. Tulikwenda zahanati Jumatatu. Kwa mmoja ilikuwa shwari. Kwa mwingine ilikuwa 158 juu ya 98, na daktari akataka arudi mara mbili zaidi kabla ya kusema neno.

Jumapili iliyofuata Mama ndiye aliyepiga kwanza, kabla ya Isha, akitaka tarakimu.